Mvua ya Jinja na Mbale Huanzia Baharini



Mvua inapozidi hata matrekta yakakwama mashambani, au jua linapowaka hata miwa ikabaki myembamba kama fimbo, maneno mengi husemwa katika kambi na kwenye mageti ya viwanda. Wengine husema ni bahati mbaya. Wengine husema miaka imegeuka, haina tena mpango. Katika makala hii tunataka kueleza jambo moja. Mafuriko mengi na ukame mwingi unaotupata hapa Jinja, Buwenge na Mbale huanza kutayarishwa baharini, miezi kadhaa kabla ya kutufikia. Na kwa kuwa hutayarishwa mapema, dalili zake huonekana mapema. Jambo hili linahusu kazi yetu, mshahara wetu na usalama wetu, kama tutakavyoona.

MVUA HUTOKA WAPI?

Yeyote aliyefanya kazi karibu na boila ya kiwanda cha sukari anajua kanuni ya kwanza. Maji yakipashwa moto hutoa mvuke. Mvuke hupanda juu, na ukikutana na baridi hugeuka tena kuwa maji. Bahari ni boila kubwa, na jua ndilo moto wake. Pale ambapo maji ya bahari yana joto zaidi, mvuke mwingi hupanda, mawingu hujengeka na mvua hunyesha. Pale ambapo maji yamepoa, mawingu hayajengeki vizuri na anga hubaki kavu.

Kanuni ya pili ni hii. Hewa ikipanda mahali pamoja, ni lazima ishuke mahali pengine. Panaposhuka hewa, mvua huwa haba. Kwa hiyo mvua nyingi kwa watu wa mbali inaweza kuwa ukame kwetu, na mvua nyingi kwetu inaweza kuwa ukame kwao.

Mtu atauliza: sisi tuko bara, bahari inatuhusu nini? Kutoka Mombasa mpaka Jinja ni zaidi ya kilometa 800 hata kwa mstari ulionyooka. Ni kweli, lakini mvuke hausafiri kwa barabara. Upepo wa mashariki huubeba kutoka Bahari ya Hindi, ukapita juu ya Kenya mpaka kwetu. Ukifika hapa, Ziwa Victoria, lenye eneo la karibu kilometa za mraba 68,800, huongeza mvuke wake. Ziwa hutupa mvua hata katika miaka ya kawaida. Lakini ikiwa mwaka utakuwa wa mvua nyingi mno au wa mvua haba, mara nyingi bahari ndiyo inayoamua.

MIZANI YA BAHARI YA HINDI

Tuchukue mfano wa mizani ya dukani yenye sahani mbili. Sahani moja iko magharibi ya Bahari ya Hindi, upande wa pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Sahani ya pili iko mashariki, karibu na visiwa vya Sumatra na Java, nchini Indonesia. Kinachopimwa ni joto la maji.

Katika miaka ya kawaida, mwezi wa Oktoba na Novemba, upepo ulio karibu na ikweta huvuma juu ya bahari hiyo kuelekea mashariki. Husukuma maji ya moto upande wa Indonesia. Huko hewa hupanda na mvua kubwa hunyesha. Upande wetu tunapata mvua zetu za vuli kwa kiasi.

Miaka mingine upepo huo hulegea, au hugeuka kabisa. Maji baridi hupanda kutoka vilindini karibu na Sumatra, na maji ya moto hujikusanya upande wetu. Mizani imeelemea kwetu. Mvuke mwingi hupanda karibu na pwani ya Afrika, upepo huuleta bara, na mvua hunyesha bila kupumzika. Wakati huo huo Indonesia na Australia hupata ukame na moto wa misitu.

Kuna pia miaka ya kinyume. Upepo wa kuelekea mashariki huzidi nguvu, maji ya moto hujaa upande wa Indonesia, na sisi huku vuli hutupita.

Mwaka 1999 wataalamu waliandika habari za hali hii na kuipa jina: daipoli ya Bahari ya Hindi, maana yake bahari yenye ncha mbili. Mizani ikielemea upande wetu huitwa daipoli chanya. Ikielemea Indonesia huitwa daipoli hasi. Kwa kawaida huanza kuonekana mwezi wa Juni hivi, hupata nguvu kati ya Septemba na Novemba, kisha huisha mwisho wa mwaka. Ndiyo sababu hugusa zaidi mvua za vuli kuliko zile za Machi mpaka Mei.

EL NINO NA LA NINA

Jina ambalo wengi wetu tumelisikia redioni ni El Nino. Hili lilitoka kwa wavuvi wa Peru, Amerika ya Kusini. Waliona kwamba miaka mingine, karibu na Krismasi, maji ya pwani yao hupata joto na samaki hupotea. Wakaita hali hiyo kwa jina la Mtoto, yaani Mtoto Yesu. Baadaye ilijulikana kwamba joto hilo huenea katika eneo kubwa la bahari ya Pasifiki na kugeuza upepo wa dunia nzima. Pasifiki ikipoa kuliko kawaida, hali hiyo huitwa La Nina, yaani mtoto wa kike.

El Nino mara nyingi huisukuma mizani ya Bahari ya Hindi ielemee kwetu, na La Nina huisukuma upande wa pili. Lakini si kila mara. Mwaka 1997 zote mbili zilikuja pamoja, El Nino yenye nguvu na daipoli chanya, na Afrika ya Mashariki ikapata mafuriko makubwa. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa na nguvu sana, lakini mizani ya Bahari ya Hindi haikuelemea kwetu kwa kiasi kile, wala mafuriko hayakufikia yale ya 1997. Na mwaka 1961 na 2019 hapakuwa na El Nino ya maana, lakini Bahari ya Hindi peke yake ilitosha kutuletea gharika.

Basi mfanyakazi akisikia redioni kwamba mwaka huu kuna El Nino, asiishie hapo. Aulize pia: na Bahari ya Hindi inasemaje?

ZIWA HUWEKA HESABU

Hapa Jinja tuna kipimo cha kina cha ziwa, na kipimo hicho ni kama daftari la mambo hayo yote. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe. Mito yote ya Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi inayoingia humo huleta sehemu iliyobaki tu. Tena sehemu kubwa ya maji hukaushwa na jua, na Nile hupata kinachosalia. Kwa hiyo mvua ikizidi au kupungua kidogo, tofauti huonekana upesi katika ziwa na katika mto.

Mvua za mwisho wa mwaka 1961 na zile zilizofuata zilipandisha ziwa kwa zaidi ya meta 2. Mwezi wa Mei 1964 kipimo cha Jinja kilisoma meta 13.41. Maji yanayotoka Jinja kwenda Nile yaliongezeka karibu mara mbili ukilinganisha na miaka ya kabla ya 1961, na hayakurudi chini kwa muda mrefu. Mvua za 1997 na mwanzo wa 1998 zilipandisha ziwa tena kwa zaidi ya meta moja na nusu.

Halafu ikaja 2019. Daipoli chanya ya mwaka huo ilikuwa miongoni mwa zile zenye nguvu kabisa zilizowahi kupimwa. Mvua za Oktoba mpaka Desemba zilijaza ziwa, na mvua za mwanzo wa 2020 zikakuta tayari limejaa. Mwezi wa Mei 2020 kipimo kilisoma meta 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964. Nyumba na maduka ya ukingoni yaliingiwa na maji, na wavuvi walipoteza magati yao. Mimea ya ukingoni iling'olewa ikawa visiwa vinavyoelea. Tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa kimoja kilisukumwa mpaka kwenye bwawa la Nalubaale, kikaziba njia ya maji ya mitambo, na umeme ukakatika karibu nchi nzima. Mwisho wa 2023 El Nino na daipoli chanya zilikuja tena pamoja, na mwezi wa Mei 2024 ziwa likapita hata rekodi ya 2020.

Kumbe mvuke uliopanda kutoka Bahari ya Hindi mwezi wa Oktoba unaweza kuzima mashine ya mfumaji wa nguo mwezi wa Aprili.

MWAKA 2006: JUA NA MKONO WA BINADAMU

Upande wa ukame tunao mfano ambao wafanyakazi wa Jinja hawajausahau. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Tangu hapo palikuwa na kanuni ya kufungulia maji: maji yanayopita bwawani yalingane na yale ambayo mto ungepitisha wenyewe kabla ya bwawa kujengwa. Baadaye bwawa la pili, Kiira, lilijengwa kando yake. Njia za maji sasa zikawa mbili.

Kati ya 2003 na 2006 mvua zilikuwa haba. Wakati huo huo mabwawa yalifungulia maji zaidi ya kanuni ili umeme usipungue. Mwaka 2006 ziwa lilishuka mpaka kiwango cha chini ambacho hakikuwa kimeonekana kwa karibu miaka 80. Mitambo ya Jinja ikawa inatoa umeme chini ya nusu ya uwezo wake. Serikali ilikodi mitambo ya dizeli, bei ya umeme ikapanda, na viwanda vikafanya kazi kwa zamu za kukatizwa. Mfanyakazi wa kutwa aliyefika getini siku isiyo na umeme alirudi nyumbani mikono mitupu.

Wataalamu waliochunguza habari hiyo walisema upungufu ulikuwa na sababu mbili: ukame, na kufungulia maji kupita kiasi. Kisha mwisho wa 2006 Bahari ya Hindi ikaelemea tena upande wetu, mvua zikanyesha, na ziwa likaanza kupanda.

Somo la 2006 tulishike vizuri. Bahari huleta ukame, lakini binadamu anaweza kuuzidisha ukame huo au kuupunguza. Tangu wakati huo mabwawa ya Bujagali, Isimba na Karuma yamejengwa, lakini yote yako kwenye Nile ile ile moja. Ziwa likishuka, yote huguswa.

UPANDE WA MBALE

Ziwa huchukua miezi kujaa na miaka kushuka. Mito ya mlima Elgon haina subira hiyo. Manafwa, Namatala na Nabuyonga hushuka kutoka milima mikali, na mvua ya usiku mmoja hufika mjini na katika mashamba ya mpunga ya Butaleja kabla ya watu kuamka. Maji hayo huishia katika mabwawa ya mto Mpologoma na Ziwa Kyoga.

Mvua za 1997 zilisababisha maporomoko ya ardhi katika eneo la Manjiya, ambalo leo ni Bududa, na watu 48 walikufa. Tarehe 1 Machi 2010, mwaka ambao El Nino ilikuwa bado baharini, mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, Bududa, ukazika zaidi ya watu 100. Desemba 2019, mwaka wa daipoli ile kubwa, Bududa iliporomoka tena na watu wakafa.

Lakini huku kuna jambo la kuangalia. Mvua za Juni mpaka Septemba, zinazonyesha mashariki na kaskazini ya Uganda mpaka milima ya Ethiopia, hazifuati hesabu ile ya vuli. Miezi hiyo La Nina, ambayo hutunyima vuli, mara nyingi huzidisha mvua. Mafuriko makubwa ya Teso ya Agosti na Septemba 2007 yalitokea Pasifiki ikiwa inapoa. Mwaka 2022 La Nina ilikuwa katika mwaka wake wa tatu mfululizo. Kaskazini ya Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia misimu mitano ya mvua ilishindwa, na Karamoja watu walikufa kwa njaa. Lakini usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, Nabuyonga na Namatala zilifurika ndani ya Mbale, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha.

Hatusemi kwamba bahari peke yake iliwaua. Mitaro iliyoziba, nyumba zilizojengwa ukingoni mwa mto, mabwawa yaliyofukiwa na miteremko iliyokatwa miti, yote yalikuwa yakingojea mvua hiyo. Bahari hupakia bunduki, lakini nani amesimamishwa mbele yake ni shauri la binadamu. Mara nyingi anayesimamishwa mbele ni mfanyakazi, kwa sababu kodi ya nyumba ya bondeni ndiyo anayoiweza.

HABARI HUPATIKANA MAPEMA

Kwa kuwa maji ya bahari hupata joto polepole na kupoa polepole, wataalamu wanaweza kuyapima kwa vyombo vinavyoelea na kwa setilaiti, wakakadiria msimu unaokuja. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hukutana kabla ya kila msimu. Kituo cha ICPAC, cha jumuiya ya IGAD, kilicho karibu na Nairobi, hutoa utabiri wa eneo zima. Uganda hutoa utabiri wake kupitia Wizara ya Maji na Mazingira.

Utabiri huo usomwe kama ulivyo. Hautaji siku ya mvua wala saa yake. Husema, kwa mfano, kuna nafasi ya asilimia 50 ya mvua kuzidi kawaida, asilimia 30 ya kuwa ya kawaida, na asilimia 20 ya kupungua. Maana yake, katika misimu 10 iliyofanana na huu, 5 hivi ingekuwa na mvua nyingi kupita kawaida. Mvua ikikosekana baada ya hapo, mtabiri hakusema uongo. Tena utabiri wa vuli huaminika zaidi, kwa sababu vuli hufuata bahari kwa karibu. Ule wa Machi mpaka Mei una mashaka zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kufuatilia. Dunia inaendelea kupata joto kwa moshi wa makaa, mafuta na gesi, na bahari inapata joto pamoja nayo. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba daipoli chanya zenye nguvu, kama ya 1961, 1997 na 2019, zitakuja mara nyingi zaidi kuliko zamani.

TUFANYE NINI KAZINI?

Mvua ni ya Mungu, lakini mtaro wa kiwanda ni wa meneja. Tunashauri matawi yafikirie mambo haya.

Kwanza, kila tawi liteue mtu mmoja wa kusoma utabiri mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari na mwezi wa Agosti, na kuueleza katika mkutano kwa lugha inayoeleweka.

Pili, tazameni mkataba wenu. Mara nyingi huwa na kifungu kinachosema kwamba mwajiri halaumiwi kwa jambo lililo nje ya uwezo wake. Kazi ikisimama kwa mafuriko au kwa umeme, kifungu hicho ndicho hutajwa, na mfanyakazi hukosa mshahara. Lakini ikiwa utabiri ulitangazwa mwezi wa Agosti, na mitaro haikuzibuliwa mpaka Novemba maji yakaingia, hilo lilikuwa ndani ya uwezo. Katika majadiliano dai moja liwe hili: kiasi cha malipo kwa siku za kusimama kazi kielezwe wazi, na wajibu wa kujitayarisha uandikwe.

Tatu, mkata miwa hulipwa kwa kazi aliyoimaliza. Mvua ikizidi, trekta haziingii shambani na miwa hupoteza sukari yake. Jua likizidi, miwa huwa myepesi kwenye mizani. Hali zote mbili humpunguzia malipo bila kosa lake. Hili lijadiliwe kabla ya msimu, si baada yake.

Nne, kambi zikaguliwe kabla ya mvua: mapaa, vyoo, visima na njia za maji. Maji ya mafuriko yakichanganyika na choo huleta kipindupindu, na maji yanayosimama huleta malaria.

Tano, chakula. Huko Buwenge na sehemu nyingi za Busoga ardhi kubwa imepandwa miwa, ambayo hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kukatwa. Familia isiyo na mahindi yake hununua posho, na bei ya posho hupanda vuli inaposhindwa. Mwenye kipande cha ardhi asikipande miwa chote. Utabiri wa ukame ukitolewa, apande mapema mihogo na viazi vitamu, ambavyo huvumilia jua kuliko mahindi.

Mwezi wa Agosti mpeleke kwa uongozi wa kiwanda maswali mawili kwa maandishi: utabiri wa vuli unasemaje, na mmetayarisha nini? Jibu litakaloletwa, liwekeni katika faili ya tawi.